Namba ya nyuma ya rimu tusiyoiuliza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme jambo linalowahusu wenye magari madogo, mafundi wa matairi, na hasa wafanyabiashara wa rimu za mtumba. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiuziana na kufungiana rimu pana kwa kuulizana maswali mawili tu, yaani inchi ngapi na matundu mangapi. Swali la tatu, yaani rimu italiweka gurudumu ndani au nje kiasi gani, ambalo jibu lake limechongwa nyuma ya karibu kila rimu, hatuliulizi, na gari linapoanza kukwaruza kwenye tuta lawama yote tunaubebesha upana wa tairi. Mimi mwenyewe niliulaumu upana kwa miezi kadhaa, nikasimulia watu kwamba tairi pana halifai kwa magari madogo ya saluni, na sasa nataka kuyafuta maneno hayo hadharani.

Gari langu ni Toyota Premio ya mwaka 2008, yenye rimu za kiwandani za inchi 15, upana 6J (yaani inchi 6), na matairi ya 195/65R15, yaani upana wa milimita 195, ukuta wenye kimo cha asilimia 65 ya upana huo, kwa rimu ya inchi 15. Nilitamani kulipa sura. Nikapata rimu za inchi 17 zenye upana wa 8J, zile zilizozama katikati kama bakuli, zikiwa zimepakwa rangi vizuri na kupangwa barabarani mfano wa sahani za harusi. Muuzaji alihesabu matundu matano, akalinganisha moja na rimu yangu, akaniambia zinaingia. Na ni kweli ziliingia. Fundi alivalisha matairi ya 225/45R17, akashusha jeki, tukazunguka mtaa mara mbili tukiwa wawili ndani ya gari, na hakuna kilichogusa mahali popote. Nililipa nikaondoka na furaha ya mtoto mwenye viatu vipya siku ya Idi.

Wiki tatu baadaye nilikwenda Muheza kwenye shughuli ya ndugu, na kurudi Dar es Salaam tulikuwa watu wazima watano, na magunia mawili ya machungwa yalikuwa kwenye buti. Tulipovuka Segera na kuikaribia Mkata, harufu ya mpira ulioungua ndiyo iliyotangulia. Kisha, kila mara gari lilipotua upande wa pili wa tuta, ikasikika sauti kama ya mtu anayekuna nazi chini ya kiti cha nyuma. Shangazi yangu, aliyekuwa amekaa nyuma kushoto, akaniuliza, "Mwanangu, hilo gari linalia nini?" Niliposimama na kuinama nilikuta bega la tairi la nyuma kushoto limechanjwa mzunguko mzima, kama mti wa mpira unavyochanjwa, na mahali pamoja waya ulikuwa umeanza kuonekana. Tulifunga tairi la akiba, ambalo ni lile la kiwandani, nalo lilifika Dar es Salaam bila kugusa chochote japokuwa mzigo na abiria walikuwa walewale.

Tairi hilo la akiba ndilo lililonifanya nianze kufikiri. Dhana yangu ya kwanza ilikuwa kwamba tairi la inchi 17 ni kubwa mno, kumbe halikuwa kubwa hata kidogo. Kimo cha tairi hupatikana kwa hesabu ya darasa la sita: asilimia 65 ya milimita 195 ni karibu 127, unaizidisha mara mbili kwa sababu kuna ukuta wa juu na ukuta wa chini, kisha unaongeza milimita 381 za rimu ya inchi 15, unapata kama milimita 634. Fanya hivyohivyo kwa 225/45R17, ambayo rimu yake ni milimita 432 na kila ukuta ni 101, utaangukia milimita 634 pia. Kwa hiyo tairi jipya lilikuwa na urefu uleule wa kusimama, spidomita ilikuwa inasema kweli kama mwanzo, na sababu ya kukwaruza ilibidi itafutwe kwingine.

Niliivua ile rimu, nikaigeuza kifudifudi, nikakwangua vumbi la breki lililokuwa limeganda nyuma ya tawi mojawapo. Hapo palichongwa 17×8J, na pembeni yake ET20. Rimu yangu ya zamani nayo, nilipoigeuza, ilikuwa na namba 45.

Kwa wasomaji ambao hawajakutana na herufi hizo, ET inatokana na neno la Kijerumani Einpresstiefe, na mafundi wetu wachache wanaoijua huiita ofseti. Chora mstari wa kufikirika unaoigawa rimu katikati ya upana wake. Uso wa rimu unaobana kwenye habu, yaani kitovu cha gari ambapo gurudumu hufungwa, haukai juu ya mstari huo. Katika magari mengi ya saluni ya siku hizi umesogea kuelekea upande wa nje, ule unaoonekana na wapita njia, na kiasi ulichosogea kwa milimita ndicho ET. Namba ikiwa kubwa, gurudumu zima linaingia ndani ya bodi. Namba ikishuka, gurudumu linatoka nje, hata kama upana wa rimu haujabadilika kwa unywele mmoja.

Sasa hesabu yenyewe. Tairi la 195 kwenye rimu ya 6J, kwa namba yake, lina upana wa milimita 195, nusu yake ni 97.5, ukitoa ET ya 45, ukuta wake wa nje uko milimita 52.5 kutoka kwenye uso wa habu. Tairi la 225 hupimwa kiwandani likiwa kwenye rimu ya 7.5J, na kila nusu inchi ya rimu inayoongezeka hulitanua tairi kwa takriban milimita 5, kwa hiyo kwenye rimu ya 8J lilikuwa kama milimita 230, nusu yake 115. Ukitoa ET ya 20, ukuta wa nje uko milimita 95. Gurudumu langu lilikuwa limetoka nje kwa milimita 42.5, na katika hizo, milimita 17.5 tu ndizo zilizoletwa na upana. Milimita 25 zililetwa na ET, yaani na ile namba ambayo muuzaji hakuitaja, fundi hakuitafuta, na mimi sikujua kwamba ipo.

Kinachochekesha ni kwamba kwa upande wa ndani, ambako watu huogopa tairi pana litagusa shokapu, nilikuwa nimepata nafasi zaidi kuliko mwanzo. Jumlisha badala ya kutoa: tairi la zamani lilifika milimita 142.5 kuelekea ndani, lile pana 135 tu. Tairi pana lilikuwa mbali na shokapu kwa milimita 7.5 zaidi ya tairi jembamba.

Msomaji anaweza kudhani kwamba dawa basi ni kutafuta rimu ya 8J yenye ET45 kama ya kiwandani. Hapana, kwa sababu hapo upana ungegawanyika sawa pande mbili, milimita 17.5 nje na 17.5 ndani, na kila gari lina akiba yake ya nafasi ambayo haiongezeki kwa kutamani. Niliirudisha Premio kwenye rimu zake za zamani na kuipima. Nje nilitumia timazi ya mwashi, nikaiteremsha kutoka kwenye pindo la bati la tao la fenda ya nyuma na kupima kwa rula hadi kwenye ukuta wa tairi: milimita 27. Ndani, mbele, kati ya tairi na shokapu, palikuwa na milimita 19. Kwa tairi la 225 juu ya 8J ET45 ningebakiwa na milimita 1.5 tu kwenye shokapu, na kwa ET20 niliyonunua tairi lilikuwa limepita pindo la bati kwa zaidi ya milimita 15. Hakuna fundi anayeweza kuuponya ukweli huo kwa maneno matamu.

Nafasi ya nje na ya ndani hazihesabiwi kwa mizani moja, na hili ndilo ningependa mafundi wetu walitafakari. Shokapu ya mbele ya Premio hupanda na kushuka na kugeuka pamoja na gurudumu, kwa hiyo umbali kati yake na tairi karibu haubadiliki, na milimita 5 au 6 zinatosha. Pindo la fenda halisogei pamoja na gurudumu. Gurudumu ndilo linalolifuata, na katika Premio ya kusukumwa na magurudumu ya mbele, ambayo ekseli yake ya nyuma ni boriti moja inayojipinda, gurudumu la nyuma hupanda karibu wima bila kuinamisha kichwa ndani. Toyota Mark X, yenye mikono mingi ya suspensheni nyuma, huinamisha kichwa cha tairi kuelekea ndani kadiri mzigo unavyoongezeka, na kwa namna hiyo hujitengenezea nafasi kidogo. Ndiyo maana ushauri wa rafiki mwenye Mark X, hata awe mkweli kiasi gani, haumsaidii mwenye Premio. Na wala matundu yake hayalingani, kwa sababu Mark X ni 5 kwa 114.3, yaani matundu matano juu ya mduara wenye kipenyo cha milimita 114.3, na Premio ni 5 kwa 100.

Mimi nimejiwekea kiwango cha milimita 10 nje na 5 ndani. Akiba yangu yote ni 27 na 19, jumla 46. Ukiondoa 15 za usalama zinabaki 31 za kuongeza juu ya 195. Maana yake gari hili lingeweza kubeba tairi la 225 kwenye rimu ya 7.5J, mradi tu ET yake iwe 43 au 44, na hapo ndipo naona haki kumuomba radhi upana niliyemsingizia. Rimu ya namna hiyo sikuipata. Nilichopata ni 17×7J ET40, nikavalisha 215/45R17: imetoka nje kwa milimita 15, imeingia ndani kwa 5, na kimo chake ni kama milimita 625, hivyo juu pia niliongezewa karibu milimita 4 na nusu za nafasi. Spidomita sasa inasoma zaidi kidogo ya mwendo halisi, kosa ambalo si kubwa na liko upande ulio salama.

Ukubwa wa tairi si kitu pekee kilichobadilika. Tairi la 195/65R15 lenye namba 91 ubavuni limeruhusiwa kubeba kilo 615. Tairi la 215/45R17 la kawaida lina namba 87, yaani kilo 545, pungufu ya kilo 70 kwa kila gurudumu, ingawa kwa macho linaonekana lenye nguvu zaidi. Lipo la aina iliyoimarishwa, lenye herufi XL na namba 91, nalo ndilo nililolitafuta. Anayesafiri na magunia ya machungwa asikubali la 87 kwa sababu tu lina kashata nzuri, yaani meno ya kukanyagia.

Nirudi kwenye kupima, maana hapa ndipo tulipokosea zaidi siku ile mtaani. Gari lisilo na mzigo, kwenye lami iliyonyooka, halipimi chochote. Safari hii niliwaomba vijana wanne waingie, nikaweka magunia mawili ya mchele ya kilo 50 kwenye buti, kisha nikachukua donge la unga wa chapati jikoni, nikalipaka mafuta lisigande kwenye tairi, nikalibandika upande wa ndani wa pindo la bati, kushoto na kulia. Nikaendesha taratibu juu ya tuta kali kuliko yote tuliyonayo Tabata, mara ya pili kwa kulikata kimshazari ili upande mmoja ubebe uzito wote. Donge lililobanwa linabaki na unene uleule wa nafasi uliyobakiwa nayo katika hali mbaya kabisa. Langu lilisoma kati ya milimita 12 na 13. Mwenye unga alisema mengi kuhusu matumizi haya ya chakula, ambayo si lazima yachapishwe gazetini.

Mbele donge halitoshi, inabidi usukani ukatwe hadi mwisho kushoto, kisha kulia, na gari lirudishwe nyuma pia, kwa sababu kuna tairi linalopita salama likienda mbele na kushika ukingo wa bampa likirudi. Magari mengi yanayotufikia kutoka Japani yamepoteza klipu za ile plastiki iliyo ndani ya fenda. Plastiki inalegea, inalamba tairi, na mwenye gari anaambiwa auze rimu wakati tatizo lake lingekwisha kwa klipu chache.

Kuna kipande kingine kidogo ambacho sijawahi kumsikia muuzaji wa rimu akikitaja. Kwenye fimbo ya kila shokapu, ndani ya kile kifuniko cha vumbi, kunakuwa na mpira mfupi wa povu gumu ambao kazi yake ni kulizuia gurudumu lisipande kupita kiasi alichokikusudia mwenye kuliunda gari. Mpira huo huzeeka, hugeuka makombo, na katika magari ya umri kama wa langu mara nyingi fundi anapofungua hukuta vumbi la manjano tu. Bila mpira huo gurudumu linapanda zaidi ya lilivyopaswa, na nafasi uliyoipima leo itakuwa uongo siku utakapoangukia shimo. Nilibadilisha yote minne kabla ya kupima, pamoja na shokapu moja iliyokuwa imekufa.

Papo hapo niseme neno kuhusu mipira ya kuingiza katikati ya mizunguko ya springi, ambayo mafundi wetu huitumia kuinua gari. Inainua kweli gari likiwa limesimama, na mwenye gari akiona mwanya mkubwa juu ya tairi anaamini kwamba amepata nafasi. Lakini kikomo cha shokapu hakijabadilika, na siku mzigo utakapozidi tairi litafika palepale lilipokuwa likifika. Spesa, yaani kipande cha kuongeza nafasi, inayokaa juu kabisa, kati ya bodi na kichwa cha shokapu, ndiyo inayoshusha kikomo chenyewe; hiyo nayo ina madhara yake kwa jointi za ekseli za mbele, kwa hiyo siipendekezi kwa ajili ya urembo.

Nilipokuwa bado na zile rimu za ET20, nilipewa ushauri wa kila aina. Fundi wa kwanza alitaka kukata pindo la bati kwa grainda. Nashukuru nilikataa, kwa maana katika fenda ya nyuma pindo hilo ndilo mshono wenyewe: bati la nje na bati la ndani hukutana hapo na kuunganishwa kwa nukta za kulehemu, na ukilikata unakuwa umefumua gari kama anayefumua pindo la kanga, kisha unaliachia maji na tope liingie kati ya mabati mawili. Kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, kutu haihitaji mwaliko wa pili. Kulikunja pindo kuelekea juu kwa kifaa chenye gurudumu la mpira, baada ya kuipasha rangi joto ili isipasuke, ni kazi halali na huleta milimita chache. Kulipiga kwa nyundo na kipande cha mbao huleta milimita zilezile pamoja na mawimbi ya bati na rangi iliyomeguka.

Wa pili alisema nivalishe tairi jembamba, 195 au chini yake, juu ya rimu ileile ya 8J, ili kuta zake zilale kama mbavu za mbuzi na bega lilikwepe pindo. Mtindo huo una wapenzi wake, lakini tairi lililonyooshwa hivyo halina tena tumbo la kuilinda rimu, na kwa mashimo tuliyonayo upepo unaweza kutoka pembeni ghafla gari likiwa katika mwendo. Wa tatu alishauri tairi lilazwe, kichwa kiinamie ndani. Kwa tairi la kimo hiki kila nyuzi moja husogeza kichwa kwa takriban milimita 5 na nusu, na malipo yake ni tairi kuliwa upande wa ndani. Tena kwa Premio nyuma hakuna skrubu ya kulaza kitu, na aliyenishauri alipaswa kulijua hilo kabla ya kunitajia bei. Sikumjibu.

Spesa za kubandika kati ya habu na rimu nazitaja kwa sababu zinauzwa kila mahali. Spesa ya milimita 10 inafanya kazi sawa na kushusha ET kwa 10, si zaidi wala si pungufu. Humfaa aliye na rimu inayogusa shokapu, na humdhuru aliye na tatizo kama langu. Atakayeitumia ahakikishe stadi, yaani bolti za habu, bado zinaingia ndani ya nati kwa urefu wa kutosha. Kadiri gurudumu linavyosogezwa nje, iwe kwa spesa au kwa ET ndogo, beringi za habu hubeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi na usukani huvutwa na kila shimo, jambo nililolihisi mikononi kwa wiki zile tatu bila kujua jina lake.

Mambo mawili zaidi ya ufungaji yanayofanana na kukwaruza ingawa siyo. Rimu nyingi za dukani zina tundu la katikati la milimita 73.1 ili ziingie kwenye magari ya aina nyingi, wakati habu ya Premio ni 54.1; pasipo pete ya kujaza nafasi hiyo, rimu hukaa pembeni kidogo na usukani hutetemeka katika mwendo wa barabara kuu, kisha mwenye gari hupelekwa kufanya balansi mara tatu bila nafuu. Nati nazo lazima ziendane na kiti cha rimu: baadhi ya rimu za kiwandani za Toyota hutumia nati zenye washa bapa, na zile za dukani kwa kawaida hutaka nati zenye ncha ya pia. Zikazwe kwa spana ya kupimia, nyutoni mita 103 kwa Toyota za aina hii, na zikazwe tena baada ya kilomita 100 hivi.

Sijifanyi kwamba rimu pana hazina gharama. Ukuta wa tairi langu umepungua kutoka milimita 127 hadi 97, na kila shimo la Tabata linanikumbusha hizo milimita 30. Upepo naukagua kila wiki, jambo ambalo zamani nililifanya nikikumbuka. Lakini gari limetulia zaidi kwenye kona, linapendeza machoni, na tangu Juni nimekwenda Muheza na kurudi mara mbili, mara zote mbili na machungwa.

Ombi langu kwa wafanyabiashara wa rimu wa Ilala, Kariakoo na kwingineko ni dogo. Mnapoandika inchi na bei kwa chaki kwenye rimu, andikeni na ET. Mara nyingi iko nyuma ya tawi au karibu na matundu, imeandikwa ET45, au +45, au 45 peke yake. Ikiwa imefunikwa na rangi, laza rimu kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya kingo zake za nyuma, pima kutoka ubaoni hadi kwenye uso unaobana habu, kisha toa nusu ya upana wote wa rimu kutoka ukingo hadi ukingo. Zile zangu zilisoma 134, upana wote ulikuwa 228, nusu yake 114, na jibu ni 20. Kazi hiyo ilinichukua dakika tatu kwa kila rimu. Bado ninazo zote nne, ziko barazani kwangu, na tayari nimeziandika kwa chaki ili atakayezinunua ajue anachonunua.

Wako,
Mwenye Premio,
Tabata, Dar es Salaam